Gego Nililoliziba Bila Maji

Kila Ramadhani mpwa wangu husimulia kisa cha jino la mama yake. Hukisimulia mezani kwake, Ganshoren, hapa Brussels, tukishafuturu, chai ikiwa bado vikombeni na binti zake wawili wakitafuta upenyo wa kurudi kwenye simu zao. Mama yake alikuwa dada yangu mkubwa. Kisa chenyewe ni kifupi. Gego lilimuuma katikati ya mfungo, akaja dispensari nilipokuwa nafanya kazi, akakaa kitini, akasema hataki hata tone la maji kinywani kwa sababu amefunga. Na mimi mdogo wake nikamziba hivyohivyo, pakavu, na jino likapendeza kuliko la mtu aliyesukutua ndoo nzima.

"Pakavu kabisa!" mpwa wangu hupiga meza. "Sasa nyinyi, saa tisa tu mnalia kiu kama mmetembea jangwani. Muulizeni babu yenu. Mjomba, si kweli?"

"Kweli," hujibu mimi.

Na ni kweli. Hakuna neno la uongo katika kisa kile. Tatizo ni kwamba kinaishia mapema, na aliyekikata ni mimi. Miezi mitano baada ya kuzibwa jino lile, dada yangu alikufa. Mpwa wangu alikuwa na miaka saba. Aliambiwa kwamba mama amekufa kwa uvimbe wa shingo, nami nilikuwepo alipoambiwa, nikatikisa kichwa kama wengine. Baadaye vita vilitutoa Bujumbura, nikapita naye Tanzania, nikafika naye Ubelgiji, nikamlea hadi akaolewa. Ni yeye na watoto wake tu ndio ndugu nilio nao katika jiji hili. Ndiyo maana kwa miaka zaidi ya thelathini nilijibu "kweli" na kunywa chai yangu.

Niseme basi jinsi ilivyokuwa.

Nilimaliza sekondari, na zaidi ya hapo sikupata nafasi. Mtawa mmoja Mbelgiji, aliyekuwa anang'oa na kuziba meno katika dispensari ndogo pale Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, alinichukua nimsaidie. Alinifundisha kuchemsha vyombo, kushika taa, kisha kung'oa, kisha kuziba kwa ile saruji ya kijivu ya zamani. Baada ya miaka kumi watu wa mtaani waliniita daktari, nami sikuwasahihisha.

Mwaka ule mtawa alikwenda likizo kwao. Kabla hajaondoka liliingia sanduku la msaada kutoka Ulaya, na ndani yake kulikuwa na dawa mpya ya kuzibia, nyeupe kama jino lenyewe, pamoja na taa ya buluu ya kuikaushia. Mtawa alilifunga tena kwa gundi ya karatasi akaniambia, "Hili tutalifungua pamoja nikirudi. Lina kanuni zake." Alipokwenda nililifungua siku ya tatu. Nilisoma karatasi ya maelezo mara nyingi kiasi kwamba hadi leo naijua kwa moyo. Pakaa tindikali ndani ya tundu. Hesabu. Osha kwa maji mengi. Kausha. Pakaa gundi. Jaza. Washa taa.

Dada alikuja katika wiki hiyo. Alikuwa mwanamke mnene wa maneno, muuza vitenge, aliyenilea baada ya mama yetu kufariki. Alipokaa kitini alitandika kanga kifuani mwenyewe kama anayekwenda kunyolewa.

"Maji hapana," alisema.

"Dada, kusukutua hakufunguzi. Mbona ukitawadha unasukutua?"

"Nikitawadha nimeinama natema. Wewe hapa umenilaza kama kuku wa kuchinjwa. Yatapita kooni."

"Basi ngoja Idi. Siku kumi na mbili tu."

"Nifike Idi natafuna upande mmoja kama mbuzi mzee? Mtaa mzima unasema mdogo wangu ni fundi. Wewe fundi, ama si fundi?"

Ningeweza kumwambia kwamba mgonjwa ana ruhusa ya kula na kulipa siku baadaye. Yeye mwenyewe alilijua hilo kuliko mimi. Ningeweza kumziba kwa muda na dawa ya kijivu niliyoizoea. Lakini sanduku lilikuwa wazi mezani, na aliyeketi mbele yangu ni mtu ambaye nilitaka anione fundi kuliko watu wote duniani.

Bila maji sikuweza kumwekea tindikali, maana ingebaki inamla ulimi. Nikairuka. Nikairuka na hatua ya kuosha. Nilikwangua tundu kwa mkono, nikalipangusa kwa pamba, mate yakapanda kutoka shavuni, nikapangusa tena, nikapakaa gundi juu ya unyevu ule, nikajaza, nikawasha taa ya buluu. Jino likatoka jeupe, laini, huwezi kuonyesha mpaka wa langu na wa Mungu. Nilimpa kioo. Alijitazama huku na huku akacheka.

"Hili sasa zuri kuliko mimi. Shemeji yako ataniacha mimi abaki nalo."

Hiyo ndiyo sehemu anayoisimulia mpwa wangu. Alikuwepo siku ile, amekaa mlangoni anachezea mpira wa pampu ya maji ambayo haikutumika.

Wiki tatu baada ya Idi dada alirudi. Alisema chai ya moto inapita chini ya jino. Alisema hivyo hasa: "Inapita chini yake, naisikia inavyokwenda." Niligonga jino kwa mpini wa kioo. Lilikuwa linang'aa. Nikamwambia, "Jino linazoea tu, dada." Alirudi tena baada ya mwezi, akasema asubuhi akiamka kuna ladha mbaya kinywani, kama ya sarafu. Safari hii mtawa alikuwa amesharudi, yuko chumba cha pili, nilikuwa namsikia akikohoa. Zilitosha hatua nane hivi kwenda kumwita. Lakini kumwita kulimaanisha kusema kwamba nilifungua sanduku. Nilimwambia dada, "Ukimwonyesha mtawa ataling'oa tu, jino zuri hivi. Vumilia." Akavumilia.

Kosa la kwanza naweza kulieleza kwa ujinga. La pili halina maelezo, na ndilo lililomuua.

Shavu lilivimba, uvimbe ukashuka chini ya taya hadi shingoni. Siku zile mitaa ya jiji ilikuwa imefungwa kwa mapigano, mtu wa Buyenzi havuki kwenda upande mwingine bila sababu ya kufa na kupona. Tulipomfikisha hospitali alikuwa hawezi tena kufunga mdomo. Alionyesha kikombe kwa kidole. Nilimpa maji, yakatoka pembeni ya midomo yote, hakumeza hata funda. Alinitazama. Sikumbuki macho yenye hasira, na hiyo ndiyo shida yangu. Angenitazama kwa hasira ningekuwa na kitu cha kujibu.

Hapa Brussels nilifanya usafi hadi nikastaafu. Miaka sita ya mwisho nilipangiwa maabara ya meno, huko Woluwe, mashariki mwa jiji. Sikuomba. Kampuni ilinipa karatasi yenye anwani, nikaenda, nikafungua mlango, na kwenye rafu nikaona chupa zimejaa magego ya watu.

Palikuwa na daktari kijana, mwanamke, aliyekuwa anafanya utafiti wake jioni mimi nikisafisha. Wengine walipita bila kuniona. Yeye alizoea kuuliza habari za mgongo wangu. Siku moja nilimwambia kwamba zamani nilikuwa msaidizi wa daktari wa meno, naye akafurahi kama aliyekutana na jirani, akanivuta nitazame kazi yake.

Alikuwa anatafuta njia ya kupunguza kuvuja. Nilidhani anasema maji ya bomba. Akanieleza kwamba kila jino linapozibwa hubaki ukingo kati ya jino na kizibo, na dawa ikikauka husinyaa kidogo, basi kama ukingo haukushikana vizuri, mate na vijidudu hupenya kwa chini, polepole, bila mtu kuona kitu kwa juu. Yeye alikuwa anajaribu kutayarisha tundu kwa mwanga wa leza kabla ya kuziba. Mwanga ule, alisema, hula sehemu mbovu na kuliacha jino na ngozi yenye vijitundu vidogo ambamo gundi hujishika. Aliwasha kifaa, nikavaa miwani mikubwa ya rangi, nikasikia tak-tak-tak kama mahindi yanayoanza kuruka kwenye kikaango. Maji yalikuwa yakimwagika muda wote kwenye ncha yake.

"Na maji ya nini?" niliuliza.

"Bila maji mwanga huu unaunguza jino. Maji ndiyo yanayofanya kazi, Monsieur. Leza inayapasua tu."

Nilisafisha sakafu ya chumba kile mara mbili jioni hiyo.

Baadaye alinionyesha jinsi anavyopima. Meno yaliyozibwa huyatia kwenye maji ya moto, kisha ya baridi, kisha ya moto, kama mtu anayekunywa chai na barafu kwa miaka mingi. Kisha huyaloweka kwenye rangi ya buluu. Kisha huyapasua katikati kwa msumeno mwembamba na kutazama rangi imeingia hadi wapi. Kwenye yale ya leza buluu iliishia karibu na ukingo, mara nyingi, si zote. Hakunificha hilo. Alisema mwanga unapunguza, hauondoi, na mengine aliyoyatayarisha kwa tindikali peke yake yalikuwa mazuri vilevile. Kisha akasogeza nusu ya jino jingine chini ya kioo cha kukuzia.

Juu palikuwa peupe, safi, pamelainika. Chini ya weupe ule mstari wa buluu uliteremka kwa kila upande, ukakutana sakafuni mwa tundu, ukatengeneza kama ziwa, na kutoka ziwani ulichimba hadi kwenye mshipa wa jino.

"Hili ni lipi?" niliuliza.

"Ah, hili hatukulitayarisha kwa chochote. Si tindikali, si leza. Lipo la kulinganishia tu." Akacheka kidogo. "Hakuna daktari anayeziba hivi."

Nikamwambia ndiyo, hakuna.

Alipomaliza kuandika alizitupa nusu zile kwenye kopo la taka ambalo ni kazi yangu kulimwaga. Niliichukua moja. Najua haikuwa yangu, ilitoka kinywani mwa mtu nisiyemjua, pengine mzee wa Woluwe aliyekunywa kahawa yake miaka hamsini kwa gego lile. Niliiweka kwenye kibati cha peremende za koo, nikatembea nacho mfukoni hadi nyumbani kwangu, Berchem-Sainte-Agathe.

Tangu hapo dada yangu hakai tena mbali. Simwoni, sijawahi kumwona. Lakini nikimimina chai najua amekaa upande wa pili wa meza, na najua ameshika shavu lipi. Napuliza kikombe mpaka kipoe kabisa ndipo ninywe. Majirani zangu, wazee wawili wa Kongo wanaoishi ngazi moja nami, hunitania: "Papa, hiyo si chai tena, ni mvua." Kila Ramadhani nilijipa ahadi kwamba mwaka huu, akipiga meza na kusema pakavu kabisa, nitafungua kibati. Kila Ramadhani nilisema kweli, kweli, nikarudi nyumbani kwa basi.

Mwaka huu, wiki ya pili ya mfungo, nilimwona mpwa wangu anakunywa uji wa futari kwa upande mmoja. Sikuhitaji kuuliza. Shavu lilikuwa lilelile la mama yake, la kushoto.

"Linauma tangu lini?"

"Mjomba, usianze. Kizibo cha zamani tu. Nikinywa kitu cha moto kinanichoma, bon, sinywi cha moto."

"Kinapita chini?"

Akanitazama. "Umejuaje?"

Nilimpigia simu yule daktari wa maabara, ambaye siku hizi anatibu watu Woluwe-Saint-Lambert. Alinikumbuka, akatupa nafasi baada ya siku mbili. Nilisema nitamsindikiza. Mpwa wangu, ambaye kazi yake ni kuwaogesha na kuwalisha wazee wa watu kutwa nzima, alicheka sana. "Wewe unisindikize mimi? Mwenye meno ya kulala kwenye glasi?"

Daktari alimpiga picha, akatuonyesha kwenye kioo cha kompyuta. Kizibo cha zamani kilikuwa kinavuja. Chini yake jino limeoza, na mizizini kuna kivuli kidogo kinachoanza. Alisema atakiondoa, atasafisha kwa leza, ataziba upya leo hii, na kama mshipa umeguswa atautibu.

"Na maji?" aliuliza mpwa wangu.

"Maji ni lazima, Madame. Kuna kifaa cha kuyavuta, lakini siwezi kuapa kwamba hutameza kabisa."

"Alors, baada ya Idi."

"Hiyo ni wiki ngapi?"

"Mbili na siku kadhaa."

Daktari alisema hashauri. Kivuli kile kikipata wiki mbili kinaweza kushuka tayani. Alisema kwa upole, lakini mpwa wangu alikuwa ameshasimama, mkono mmoja ndani ya koti.

"Docteur, mama yangu alizibwa jino Ramadhani bila tone la maji. Tone! Na aliyemziba ni huyu hapa." Akaniwekea mkono begani, kwa fahari kabisa, kama anayemtambulisha profesa kwa profesa.

Daktari alinitazama. Sijui alikumbuka nini. Alivua glavu akasema anatuachia dakika tano, akatoka na kufunga mlango.

"Twende, mjomba."

"Kaa kwanza."

"Nikae nini? Mama alivumilia, na mimi..."

"Mama yako alikufa kwa jino lile."

Hakukaa. Alibaki na koti mkono mmoja. Nilimwambia yote, kwa mpangilio ninaouandika hapa, ila kwa maneno machache. Sanduku. Tindikali niliyoiruka. Maji. Mate. Nilitoa kibati, nikakifungua, nikamwonyesha juu ni wapi na chini ni wapi. 

Aliinama kulitazama.

"Alijua?" aliuliza.

"Alijua kwamba linavuja. Alikuja kwangu mara mbili."

"Ukamwambia nini?"

"Mara ya kwanza nilimwambia jino linazoea. Mara ya pili nilimwambia avumilie. Mtawa alikuwa chumba cha pili."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa nimefungua sanduku ambalo niliambiwa nisilifungue."

Alirudia polepole, "Sanduku." Kisha akasema, "Miaka yote hii nasimulia. Mbele ya watoto wangu. Nawe unakaa pale, kweli, kweli."

"Ndiyo."

"Unanisaidia hata kupiga meza."

Hilo sikulikumbuka, lakini pengine ni kweli.

Alivua koti, akalitupa kwenye kiti changu, juu ya magoti yangu. Akachukua kibati mkononi mwangu, akakifunga, akakitia kwenye mkoba wake. Halafu akalala kwenye kiti cha daktari mwenyewe na kuita kwa sauti kubwa kwamba yuko tayari, waje na maji yao.

"Toka nje, mjomba," alisema akitazama dari.

Nilikaa kwenye benchi ya ukumbini na koti lake. Mlango haukuzuia sauti. Nilisikia maji yakianza, kisha tak-tak-tak, kisha kifaa cha kuvuta kikikoroma. Nilihesabu hatua za ile karatasi ya zamani, nikajaribu kukisia wamefika ya ngapi. Kila waliposimama nilidhani kuna kitu kimeharibika. Kisha maji yakaanza tena.

Kwenye metro alikaa kiti cha mbele yangu. Niliona kisogo chake na ncha ya ushungi tu. Kituo chake kilipofika aliteremka bila kugeuka. Siku zilizobaki za mfungo nilifuturu kwangu, tende na supu ya kopo. Sikumpigia simu. Nilijua kwamba kuomba radhi mapema kungekuwa kumlazimisha anihurumie, na nimeshawafanya wanawake wa familia ile wanihurumie vya kutosha.

Asubuhi ya Idi binti yake mkubwa alinipigia. "Babu, mama anauliza kwa nini hujafika." Nilivaa kanzu, nikapanda basi.

Mpwa wangu alinifungulia mlango. Hakunikumbatia. Aliniambia tu viatu niviweke kando, kumesafishwa. Tulikula pilau. Alikuwa anatafuna pande zote mbili, na nilijikuta nikitazama taya lake kuliko sahani yangu. Chai ilipokuja binti mdogo akasema, "Mama, mwaka huu hukusimulia jino la bibi."

Dada yake akamkanyaga chini ya meza. Sijui aliambiwa kiasi gani.

Mpwa wangu aliweka birika chini. Akaenda kwenye kabati, akarudi na kibati cha peremende, akakiweka kando ya kikombe changu.

"Kisa kile kina sehemu ambayo sikuwa naijua," aliwaambia. "Wekeni simu. Babu yenu ataisimulia yeye."

Kisha akakaa. Hakupiga meza, hakuniuliza kama ni kweli. Alisubiri tu, mkono mmoja shavuni, na sikuweza kumtazama.

Chai yangu ilikuwa bado inatoa moshi. Nilikunywa funda moja hivyohivyo, ikaniunguza ulimi, nikaanza na lile sanduku.